Mama wa Timu: Niliyoyaona Uwanjani Kirumba

Ukitaka kujua kama mazoezi ya kesho yatajaa, usimuulize kocha. Angalia mwezi. Dagaa huvuliwa gizani: wavuvi wanatoka na taa, zamani zilikuwa karabai na siku hizi ni za betri na sola, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, na kwa wiki nzima au zaidi vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hawana pa kwenda. Hiyo ndiyo wiki ambayo uwanjani kwetu Kirumba, hapa Mwanza, tunapanga timu mbili kamili na wachezaji wa akiba wanabaki wamekaa. Giza likirudi tunabaki na watoto wa shule, mabinti, na vijana wawili watatu wenye macho mekundu, waliolala asubuhi jua likiwa juu na kuamka saa tisa kwa ajili ya mpira.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nanunua, naanika, nawauzia wanaosafirisha kwenda mikoani, na msimu ukiwa mzuri mzigo wangu unafika mpaka Kongo. Mpira wenyewe siujui sana. Kuotea nilieleweshwa na mtoto wa darasa la tatu, na mpaka leo kibendera kikinyanyuka huwa natazama kwanza nyuso za wenzangu ndipo nijue kama nikasirike. Nilijikuta kwenye timu kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu niliyekuwa nakaa naye. Kocha, kijana anayeishi kwa kuchomelea vyuma, hakuwa na pa kuweka mipira. Akaja akaniambia, "Shikamoo mama, naomba tuhifadhi vitu vyetu hapa kwako, wewe una geti." Mipira ikaleta koni, koni zikaleta jezi, jezi zikaleta sabuni. Msimu haujaisha nikawa naitwa mama timu hata sokoni, na wateja wa mkopo wakapata heshima mpya kwangu kwa kuogopa vijana wangu.

Wanaozungumzia michezo na watoto wa familia duni huwa wanaanzia kwenye kipaji. Mtoto ana kipaji, anaonekana, anasajiliwa, anamjengea mama nyumba. Mtaani kuna kambi ya pili inayosema mpira ni uhuni, unawapotezea watoto muda wa kusoma na wa kutafuta hela. Kambi zote mbili zimeshakaa kibarazani kwangu zikabishana, na wote nimewapa chai. Kilichowasaidia watoto wetu, kwa macho yangu, ni kitu kisichopigiwa makofi: daftari la mahudhurio.

Ni kaunta buku lenye jalada gumu, kona moja imelowa mafuta. Saa kumi na nusu jioni nahodha anaita majina, na asiyekuwepo anawekewa sifuri. Sifuri mbili mfululizo bila taarifa, wachezaji wawili wanatumwa nyumbani kwake. Kocha aliweka utaratibu huo kwa sababu zake za uwanjani. Alikuwa anaishiwa mabeki siku ya mechi bila kujua wamekwenda wapi. Lakini wale wawili waliotumwa walianza kurudi na habari zisizohusu mpira. Mmoja mama yake amelazwa Bugando, yeye ndiye anayewapikia wadogo zake. Mwingine amepelekwa kisiwani kuvua na mjomba, na umri wake ni miaka kumi na tatu. Mwingine kaptula yake ya pekee imechanika nyuma na anaona aibu kutoka.

Darasa likijaa watoto hadi wengine wanakaa chini, mwalimu hata awe na moyo wa namna gani hawezi kumfuata kila anayekosekana. Na mtoto ambaye hayuko shuleni kabisa, anayeanika dagaa kutwa, hakuna mahali pengine popote anapowekewa sifuri. Akipotea, amepotea. Kwetu akipotea anaharibu safu ya ulinzi, kwa hiyo anatafutwa. Sijali sana kwamba sababu ya kumtafuta ni mechi ya Jumamosi.

Nitaeleza habari ya winga wetu wa kushoto, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niache kuichukulia timu kama kazi ya kufua tu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, ana mbio za kuogopesha, mguu wa kulia ni wa kusimamia tu. Taratibu akaanza kuchoka. Kwanza dakika za mwisho, baadaye mapumziko hayajafika ameshashika kiuno. Wenzake wakamwita mvivu. Ikapita minong'ono kwamba anavuta bangi, kocha akamweka benchi, na yeye akaacha kuja. Sifuri mbili. Waliotumwa wakamkuta amelala juu ya mkeka, mwembamba mikono na miguu, tumbo limevimba. Nilikwenda mwenyewe nikamchukua kwa bodaboda mpaka kituo cha afya. Kichocho.

Mtu wa huku akisikia kichocho anafikiria kukojoa damu. Lakini kile kinachotusumbua zaidi pembezoni mwa ziwa ni cha tumbo; damu inaonekana kwenye choo kikubwa, na kikikaa miaka mingi ini na wengu vinavimba. Kinatoka kwa konokono wadogo wa majini, vijidudu vinapenya ngozi ya yeyote anayeingia majini, awe anaoga, anafua au anavuta nyavu. Damu inapungua, nguvu zinapungua, na mtoto anaonekana mvivu. Huyu wetu hakuwa na shule, na dawa za kichocho hugawiwa zaidi mashuleni. Zilimpita kila zilipokuja.

Jioni iliyofuata niliwakusanya wote nikauliza, nani anaona damu akienda chooni? Kimya. Wakacheka, kama watoto wanavyocheka wakisikia neno choo. Kisha kipa akanyoosha mkono nusu, na alipoona hajachekwa mikono mingine ikapanda. Nikahesabu mikono mpaka nikaacha.

Muuguzi tuliyezungumza naye alikuja uwanjani na ile fimbo yao ndefu iliyochorwa mistari. Vidonge vya kichocho vinaweza kutolewa kwa urefu: unasimamishwa kwenye fimbo, kichwa kinapoishia ndipo penye idadi ya vidonge vyako. Akaiegemeza kwenye mwamba wa goli, watoto wakapanga mstari. Wafupi walisimama kwa ncha za vidole wakidhani mrefu ndiye anayepewa heshima. Muuguzi alikuwa anawakanyaga kidogo vidole washuke. Kipa alipata vidonge vitano, akatembea navyo kiganjani kuwaonyesha wenzake kama ameshinda zawadi. Dawa ile inataka mtu awe amekula, kwa hiyo sufuria ya uji ilikuwa kwangu tangu saa nane. Wawili waliodanganya kwamba wamekula walitapika nyuma ya goli, na kipa akapoteza heshima yote pamoja na vidonge viwili.

Winga alirudi uwanjani baada ya miezi kadhaa. Sitadanganya kwamba mbio zilirudi zote. Lakini tangu hapo kila mwaka tunaomba dawa kwa ajili ya walio nje ya shule, na kituo cha afya sasa kinajua kwamba ukiwataka watoto wa mwaloni ambao hawapatikani darasani, uje saa kumi na nusu, wiki ya mwezi mkubwa. Tulijaribu pia kukataza kuoga ziwani baada ya mazoezi. Sheria hiyo haikumaliza hata wiki. Vijana wamejaa vumbi, ziwa liko pale chini, na maji ya bomba kuyapandisha mlimani kati ya yale mawe yetu ni kazi. Tukaweka pipa kwangu, kila mmoja analeta dumu lake siku ya zamu. Wale wanaovua usiku wanaingia majini hata hivyo. Kwao pipa ni la kunawa uso.

Mabinti walikuja kwa njia nyingine. Tulipoanza netiboli, na baadaye mpira wa miguu, tatizo la kwanza halikuwa bukta kama watu wengi wanavyodhani. Wazazi wachache walilalamikia mavazi, tukawaambia binti anaweza kuvaa tracksuti na hijabu yake akacheza, yakaisha. Kizuizi kilikuwa saa kumi yenyewe. Saa kumi ndiyo saa ya maji, saa ya kuwasha moto, saa ya kumbeba mtoto mdogo ili mama arudi sokoni. Kijana akiaga anakwenda mpirani, nyumba inabaki ilivyo. Binti akiaga, chakula cha usiku kinachelewa. Mama mmoja aliniuliza, na hakuwa mkali, "Dada, nikubali tu. Maji anachota nani, wewe?"

Tukahamisha mazoezi yao karibu na bomba la mtaa. Kila mmoja anakuja na ndoo yake, ndoo zinapangwa nyuma ya goli kwa foleni ileile zitakayojazwa, na muuza maji anazijaza wakati wao wanacheza. Filimbi ya mwisho ikilia wanajitwisha, wanapanda mlima pamoja. Mpira ukiangukia kwenye ndoo iliyojaa, mwenye mguu huo anajaza upya kwa hela yake, na sijapata kuona mabeki wanaopiga mpira kwa uangalifu kama wale. Baada ya hapo wazazi wachache sana walikataa. Kuna walioanza kunilaumu kwamba siku zisizo na mazoezi binti anachelewa bombani.

Siku za hedhi zilikuwa zinatupokonya nusu ya timu bila mtu kusema kwa nini. Sifuri zilikuwa zinajipanga kila mwezi kwenye daftari, na kocha, mwanaume, alizitazama miezi mingi asielewe. Sasa pembeni ya sabuni za jezi kuna pakiti za taulo za kike na kitambaa cha akiba. Sina zaidi la kusema hapo, ni hela tu. Mwenzao mmoja aliyepata ujauzito aliacha shule na akaacha timu. Serikali iliporuhusu Novemba 2021 wasichana wa namna yake warudi darasani, walioanza kumshawishi walikuwa wachezaji wenzake, kabla ya ndugu. Alirudi kwanza uwanjani, mtoto akilelewa kwa zamu kwenye benchi. Shule ilifuata mwaka uliofuata.

Kuna jambo la makaratasi ambalo watu hawalioni. Kila mashindano ya vijana yanataka cheti cha kuzaliwa. Nusu ya watoto wetu hawakuwa nacho, na wazazi wao hawakuwa wamewahi kukihitaji. Kwa ajili ya mashindano ya wiki mbili tulipanga foleni kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, halmashauri, tukarudishwa, tukarudi. Mashindano tulitolewa mechi ya pili. Vyeti wanavyo mpaka leo.

Wenyeji wanaikumbuka 2014, pale vijana waliokuwa wameishi mitaani hapa Mwanza walipokwenda Rio de Janeiro kuiwakilisha Tanzania kwenye Kombe la Dunia la watoto wa mitaani, wakaifunga Burundi 3-1 kwenye fainali. Watoto ambao watu waliwapita pale mjini Makoroboi bila kuwatazama, wakarudi na kombe. Kwa muda baada ya hapo ukimtaja mtoto wa mtaani na mpira katika sentensi moja watu walikuwa wanatabasamu. Kilichonigusa ni kwamba ili wapande ndege ilibidi kila mmoja awe na pasipoti, na pasipoti inauliza umezaliwa wapi na wazazi wako ni nani. Mtu fulani alikaa chini na kila mtoto akatafuta majibu. Kombe lilipigwa picha, ila kazi ile ya makaratasi ningependa zaidi kuisikia ikisimuliwa.

Sasa niseme ubaya wa mpira, maana upo. Ligi Kuu ina timu 16. Ipe kila timu wachezaji thelathini, unapata nafasi mia nne na themanini kwa nchi nzima, na nyingine zinachukuliwa na wageni. Mkoa wetu peke yake ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3.6 kwenye sensa ya 2022. Mzazi anayeuza dagaa anaweza kupiga hesabu hiyo haraka kuliko mimi, na bado akija mtu mwenye simu mbili na picha zake na wachezaji maarufu, hesabu inasahaulika. Alikuja kwetu mmoja wa namna hiyo. Akasema ana nafasi za majaribio kwenye klabu kubwa, akawataja vijana watatu kwa majina, akawasifia kwa wazazi wao. Nauli, vipimo vya afya, "hela ya fomu". Mama mmoja alitoa mtaji wake wote wa dagaa. Walipofika Dar es Salaam simu haikupokelewa, wakalala stendi, tukachangishana kuwarudisha. Yule mama ilibidi aanze tena kwa sado moja ya mkopo. Kijana wake hakuweza kumtazama machoni kwa muda mrefu, wakati aliyeiba wala si yeye.

Ndiyo maana mtu akija na maneno ya kuwatoa watoto kimaisha kupitia soka, huwa namuuliza atafanya nini na wale kumi na tisa kati ya ishirini ambao hawatatoka. Wa kwetu, wale wa mwanzo, sasa ni watu wazima. Yupo fundi wa injini za mitumbwi, yupo refa wa ndondo anayetukanwa kila wikiendi na anaipenda kazi hiyo kupita kiasi, yupo dada anayesaidia chanjo kituo cha afya. Wengine wanavua. Mmoja alifika daraja la kwanza, goti likamrudisha. Na wapo wanaokaa kwenye vibanda vya kubeti na mikeka yao, wakiujua mpira kuliko mtu yeyote na wakiupa hela yote wanayoipata usiku. Hao nao walikuwa kwenye daftari letu.

Uwanja wenyewe tulikaribia kuupoteza. Mtu alitaka kuweka fremu za maduka upande wa barabarani, na mpira wa mchangani hauna hatimiliki. Tulichofanya tulikiiga Mathare, Nairobi. Kule kuna chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa 1987, ambacho timu zake hupata pointi za ligi kwa kufanya usafi mtaani, siyo kwa kufunga magoli tu. Tukaweka hivyo kwenye ligi yetu ndogo ya mitaa. Mitaro yetu ya mlimani ikiziba, mvua ya kwanza inaingiza takataka za juu kwenye nyumba za chini, kwa hiyo Jumamosi kabla ya masika timu zilishuka na makoleo. Kuna timu iliyobakia daraja kwa sababu ya mtaro mmoja, na wapinzani wao mpaka leo wanaiita timu ya maji taka. Lakini suala la fremu lilipofika kwenye mkutano wa mtaa, waliosimama kuutetea uwanja walikuwa wazee ambao hawajawahi kutazama mechi hata moja. Nyumba zao ziko chini ya ule mtaro.

Wafadhili wadogo wadogo wanakuja pia. Huwa wanaleta jezi, kwa sababu jezi inapigika picha. Nashukuru, na ninazifua. Ila jezi inakaa misimu miwili; kinachotukwamisha ni nauli ya kwenda Nyakato au Buhongwa kwa mechi ya ugenini, posho ya refa, sabuni, na njumu. Tuna ndugu wawili wenye pea moja ya mtumba. Mmoja anatumia mguu wa kulia na mwingine wa kushoto, kwa hiyo kila mmoja anavaa kiatu kimoja kwenye mguu wake wa kupigia na soksi kwenye mwingine. Refa mgeni aliwahi kuwatoa nje. Mashabiki wakavamia uwanja, siyo kwa vurugu, wakimwonyesha viatu vyao na kumuuliza anataka cha kulia au cha kushoto.

Kwa sasa tunabishana kuhusu ada. Kocha anataka kila mtoto alipe shilingi elfu moja kwa mwezi. Anasema kitu cha bure wazazi hawakiheshimu, na kwamba amechoka kununua mipira kwa hela ya kuchomelea mageti. Ana haki ya kuchoka. Mimi nasema atakayeshindwa kulipa atajificha, na akijificha tutaandika sifuri tukidhani ni ya kawaida, wakati yeye ndiye hasa tunayemhitaji kwenye lile daftari. Nimependekeza asiye na hela alete alichonacho: kisado cha dagaa, kipande cha sabuni, dumu la maji kwa ajili ya pipa, au afue jezi na mimi. Kocha anauliza dagaa zitanunuaje mpira. Nimemwambia hilo aniachie, ndiyo biashara yangu. Kikao ni Jumapili baada ya mechi ya mabinti, na wazazi wameombwa waje na viti vyao.